Batazari Alishakuja

Nakumbuka siku niliyosimama uwanjani kwa mama yangu, kule kijijini Kate, nikapiga hodi kwa furaha ya mtu aliyekaa mbali miaka mingi, naye akaniuliza mimi ni nani. Alikuwa ameketi juani, ungo wa ulezi mapajani, macho yake yameingia ukungu. Nikamwambia, "Ni mimi, mama. Batazari. Nimerudi." Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Batazari alishakuja, akaondoka. Wewe ni nani?"

Mjukuu wangu, mimi nimekusimulia mambo mengi ya ujana wangu, na mengi tumeyacheka pamoja. Hili nimelikwepa. Nisingelitoa hata leo kama nisingekusikia juzi hapo barazani, simu sikioni, ukimsomea mtu usiyemjua namba ya kitambulisho chako, halafu jina la mama yako, halafu mahali ulipozaliwa, tena kwa adabu zote kama uko mbele ya padri. Nilipokuuliza ni nani huyo, ukanijibu, "Wa mtandao, babu, wanahakiki laini." Ukaendelea na shughuli zako. Mimi sikuendelea na zangu. Tangu juzi natafuta pa kuanzia, na leo nimepapata, kwa hiyo weka hiyo simu pembeni uketi.

Niliondoka Kate nikiwa bado kijana mdogo, sauti yangu haijawa nzito. Baba alikuwa amefariki, na ilikuwa ile miaka serikali iliporuhusu watu wafanye biashara wapendavyo. Malori ya wanunuzi wa mahindi yalianza kuingia hadi vijijini, mitumba ikajaa minadani, na kila kijana aliyekuwa na miguu miwili akajiona tajiri mtarajiwa. Mimi nikafuata dhahabu upande wa Chunya. Nilimwambia mama nitarudi baada ya mavuno. Hayo mavuno yalipita mara nyingi, mwanangu. Unajua vijana wanavyoona aibu kurudi mikono mitupu, na machimbo yalinipa kikohozi zaidi kuliko yalivyonipa dhahabu.

Kule nilikaa chumba kimoja na kijana aliyejiita Fulgensi. Alisema kwao ni Malangali, mjini Sumbawanga, na Kifipa chake kilikuwa safi. Alikuwa mcheshi, anapika vizuri, hana ugomvi na mtu. Ukiugua anakukorogea uji. Sitaki umfikirie kama mtu mwenye sura ya ubaya, kwa maana hapo ndipo vijana wengi mnapokosea, mnamngoja mwizi aje na sura ya wizi. Nilimpenda yule mtu. Hata leo nikikumbuka uji wake, nakasirika kwamba ulikuwa mtamu.

Sasa, unajua salamu zetu. Mfipa akifika kwenye nyumba haanzi na shida yake. Anasalimia, anaketi, anaulizwa ya huko atokako, naye anawauliza wa nyumba ile mmoja mmoja kwa majina yao, aliyekuwa mgonjwa, aliyeolewa, aliyezaa, mpaka anafika zizini. Nyie wa siku hizi mnasema "mambo", mnajibiwa "poa", yamekwisha. Enzi zetu salamu ndiyo ilikuwa kitambulisho. Mtu aliyejua kuuliza habari za nyumba yenu mpaka pembeni alikuwa mtu wa nyumba yenu, na hakuna aliyemtaka aonyeshe karatasi. Nani angehangaika kujifunza habari za watu wasio wake?

Jumapili, baada ya sala, upweke ulipozidi, tulikuwa na mchezo wetu. Tuliuita kurudi nyumbani. Mmoja anasimama nje ya kibanda anapiga hodi, mwingine anakaa ndani anakuwa mama. Wewe wa nje unasalimia, unauliza habari, na wa ndani anakujibu. Kwa wengine ilikuwa kichekesho. Kwangu ilikuwa dawa, maana nikifumba macho niliuona uwanja wetu, na upepo ule wa Ufipa wa mwezi wa sita unaokata masikio.

Mwanzoni Fulgensi alikuwa mama, mimi narudi. Nikauliza habari za maksai wetu wawili, Kanali na Sajini, majina aliyowapa marehemu baba kwa kupenda kwake mambo ya jeshi. Nikauliza habari za dada yangu Oresta aliyeolewa kijiji cha Pito. Nikauliza kama koti la baba bado liko kwenye sanduku, lile mama alilosema litakuwa langu nikishakuwa mtu mzima. Fulgensi alinijibu vizuri, anacheka, ananiuliza zaidi. Halafu akasema, "Mshikaji, leo tubadilishane. Mimi niwe wewe."

Nikawa mama, yeye akawa Batazari. Akapiga hodi. Na alipokosea, mwanangu, nilimsahihisha. Nilimwambia, hapana, mimi nikifika nyumbani nasimama kwanza kwenye kihenge cha nafaka, ndipo naita. Hapana, Sajini ndiye mwenye pembe iliyovunjika, si Kanali. Siku moja, nikiwa na homa na machozi yako karibu, nikamweleza hata habari za mdogo wangu Kizito, aliyekufa kwa surua akiwa bado ananyonya, akazikwa nyuma ya nyumba. Nikamwambia mama halitaji jina hilo mbele za watu, ila kila asubuhi anamwaga maji kidogo upande ule kabla ya kunawa uso. Fulgensi akanishika bega, akanipa pole. Jumapili iliyofuata akapiga hodi, akasalimia, akauliza kwa upole kama kaburi la mdogo wetu limefagiliwa. Nililia kwa namna alivyoipatia.

Basi akaja kusema baba yake anaumwa, anakwenda Sumbawanga kumwona. Nikafurahi. Nikanunua kitenge, nikampa ampelekee mama, na salamu nyingi. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Nadhani nilimshukuru mara nyingi kuliko adabu inavyodai.

Hakurudi. Nikafikiri baba yake amefariki, nikamhurumia. Masika ikapita. Ndipo kikohozi kiliponizidi, nikasema liwalo na liwe, narudi kwetu hivi hivi nilivyo. Nikafika Kate, nikasimama kwenye kihenge, nikaita. Na mama akaniambia nilishakuja.

Nikadhani uzee umemchanganya. Nikacheka, tena nilicheka kweli. Nikaanza kumsalimia kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye ndoto. Nikauliza habari za Kanali na Sajini.

"Aliwaulizia hao hao," akasema.

Nikataja koti la baba.

"Alilitaja. Nikampa. Aliondoka amelivaa."

Nikamuuliza kama kitenge kilimfikia. Akasema kilikuja mikononi mwa mwanawe mwenyewe, wala hakikutumwa na mtu. Nikapiga magoti mbele ya ule ungo, nikasema polepole, ili watu wa uwanja wa pili wasisikie, "Mama, na maji ya Kizito, unayamwaga bado?"

Uso wake ukabadilika, na si kwa namna niliyoitaraji. Akarudisha mwili nyuma kama mtu aliyeguswa na kitu cha moto. "Hata hilo," akasema. "Hata hilo alilisema. Mtoto wangu mmoja yuko chini ya ardhi, mnampitisha vinywani mwenu, ninyi wangapi?"

Nilitafuta neno lingine, mwanangu. Nilipiga magoti pale nikatafuta kitu kimoja tu, kidogo, cha mimi na mama yangu, ambacho sikuwahi kukisema machimboni. Sikukipata. Kila nilichokuwa nacho nilikuwa nimekwisha kumpa yule mtu, na yeye alikuwa amefika nacho kabla yangu. Sura yangu mama haioni. Sauti yangu aliyoijua ilibaki utotoni. Kumbukumbu zangu zilikuwa zimekwisha tumika. Nilibaki mtu mzima mwenye kikohozi, amepiga magoti kwenye uwanja wa bibi kizee kipofu.

Majirani wakakusanyika, na mjomba Kasiani, kaka yake mama aliyekaa nyumba ya pili, akaja na fimbo yake. Alinitazama muda mrefu. Akanichukua kwake, akanipa maji, akanieleza yaliyotokea. Batazari alifika wakati wa mvua, kijana mcheshi, mwenye kitenge mkononi. Alisalimia bila kukosea. Alikaa siku chache tu, akasema ana mpango wa kununua mahindi kwa ushirika na wenzake wenye lori, anahitaji mtaji, na mnada uko karibu. Watoto wa wengine walikuwa wanafanya hivyo hivyo miaka ile, basi mama hakuona ajabu. Akamruhusu awauze maksai. Siku ya kuondoka alimwekea mikono kichwani, akamwombea safari njema mbele ya ukoo wote, isipokuwa Oresta aliyekuwa Pito. Na hakuonekana tena. Mama alilima msimu ule kwa jembe la mkono, kwa kupapasa matuta, huku kijiji kizima kikijua kwamba mwanawe Batazari alikuja akamfilisi.

"Nanyi hamkumtilia shaka?" nikamuuliza mjomba kwa hasira. Kwa ujana ule, nilikuwa natafuta wa kumtwisha lawama.

Mjomba hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa kusema taratibu, anayekuacha ungoje. "Uliondoka mtoto, naye alituambia mambo ambayo mwenye nyumba peke yake anayajua," akasema. "Aliyapata wapi?"

Nikamweleza mchezo wetu. Nilipofika mahali pa kusahihisha, akainamisha kichwa.

"Ulipokuwa unamfundisha mtu kuingia nyumbani kwetu, ulifikiri anataka kwenda wapi?" Akaendelea, "Na tena sikiliza. Mambo ya nyumba hii hayakuwa yako peke yako uyagawe. Kizito alikuwa mtoto wa mama yako kabla hajawa hadithi yako ya Jumapili."

Maneno hayo niliyachukia siku ile. Leo nayarudia kwako kama nilivyoyapokea, sijayapunguza wala kuyaongeza.

Akatumwa mtu Pito kumwita Oresta. Dada alipofika alinitazama mara moja, akanirukia shingoni, akalia mpaka wanawake wengine wakalia naye. Nikadhani sasa taabu yangu imekwisha. Akaniongoza kwa mkono mpaka kwa mama, akasema, "Mama, ndiye. Ndiye huyu, nakuapia. Yule mwingine alikuwa tapeli."

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe una macho, mwamini. Mimi nilikuwa na masikio tu, na yalishanidanganya mara moja. Siyapi nafasi tena." Akageuka upande wangu, akasema kwa adabu, "Karibu keti, mgeni. Chakula kipo."

Mgeni. Hilo ndilo likawa jina langu.

Nilikwenda mjini kumtafuta Fulgensi. Malangali nzima hakuna aliyewahi kumsikia, wala huyo baba mgonjwa. Sijui hata kama jina lile lilikuwa lake, au naye alilichukua kwa mtu mwingine aliyekuwa anakumbuka nyumbani. Nikarudi Kate, nikajenga kibanda kando ya kihenge, nikaanza kumlimia mama. Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao walinikodisha maksai, nikalima ulezi na mahindi. Nikamwezekea nyumba. Jioni nilimletea kuni, naye akinishukuru vizuri sana, kama unavyomshukuru mtoto wa jirani. Nilimwita mama, na hakunikataza, kwa sababu kijana yeyote humwita mama mwanamke wa umri ule. Kila asubuhi nilisikia yale maji yakimwagwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa najifunika blanketi nisiyasikie.

Zamani nilidhani ananiadhibu. Sasa nadhani nimeelewa. Kama mimi ndimi Batazari, basi aliweka mikono yake juu ya kichwa cha mwizi, na baraka ya mwanawe alimpa mtu baki. Kama yule ndiye Batazari, basi mwanawe alimwibia. Kila upande ulikuwa na uchungu wake, na alikuwa mzee, akachagua kutochagua. Lakini kukaa uwanja mmoja na mama yako, unakula chakula chake, naye anamsubiri mwanawe arudi, hilo sikuombei, mwanangu. Nilikuwa namwonea wivu mtu ambaye ni mimi mwenyewe.

Akaja kuugua kifua, wakati wa baridi kali. Oresta alikuwa njiani kutoka Pito. Mchana mmoja nilikuwa nimeketi naye karibu na moto, nikimnywesha uji, akakisogeza kikombe pembeni.

"Mgeni," akaniita.

"Naam, mama."

"Wewe ni mtu mwema. Umenilimia bila kuwa na deni kwangu. Mungu atakulipa." Akapumzika, maana pumzi ilikuwa ikimsumbua. Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akanifikia kichwani, akauacha hapo. "Huko unakozunguka, ukimkuta mwanangu Batazari, mwambie nilishamsamehe. Zamani sana. Mwambie asiogope kurudi nyumbani."

Mwanangu, nilikuwa na maneno ya miaka yote kifuani. Nikayaacha humo humo. Nikasema, "Nitamwambia, mama."

Tukamzika karibu na Kizito. Oresta mpaka leo anashikilia kwamba mama alijua, kwamba yale maneno alikuwa akiniambia mimi, kwa njia pekee iliyobaki. Pengine. Dada yangu ana moyo mwepesi wa kufarijika, na mimi namwachia faraja yake. Mimi sijui. Nimemwambia Batazari kwamba amesamehewa, nimemwambia mara nyingi, na sijawahi kuwa na hakika kama ujumbe umefika.

Ndiyo maana juzi nilinyamaza pale barazani. Wewe ulidhani babu hajui mambo ya simu. Ni kweli siyajui, hata salio huwa unanitazamia wewe. Ila yule mtu wa kwenye simu namjua. Alikuwa na sauti ya upole, sivyo? Alikuuliza jambo dogo kwanza, halafu lingine. Alipokosea tarehe yako ya kuzaliwa, ulimsahihisha. Nilikusikia kwa masikio yangu ukimsahihisha, na uji wa Fulgensi ukanirudi kooni.

Sasa nasaha yangu ni hii, uishike. Wewe si mwili huu tu unaotembea. Jina lako, la mama yako, kijiji chako, siku uliyozaliwa, namba ile waliyokupa, alama ya kidole chako, hizo ndizo hodi unazopigia dunia, na dunia haioni vizuri kuliko mama yangu alivyoona. Atakayezijua zote ataingia kwa jina lako, atakopa kwa jina lako, atadhulumu watu kwa jina lako, na wewe ukifika utaambiwa ulishakuja. Kwa hiyo mtu akikupigia akadai anatoka ofisi fulani, kata simu uende kwenye hiyo ofisi kwa miguu yako. Namba yako ya siri asiijue hata mchumba, na usinune nikisema hivyo. Kidole chako usikiweke kwenye mashine ya kijana anayesajili laini chini ya mwavuli mara ya pili eti ya kwanza haikusoma, mpaka umejua kwa nini. Ukienda mjini kesho, waulize laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua waifute ungali hapo hapo. Na mtu akikupigia akijua habari zako zote za nyumbani, hapo ndipo uogope zaidi, usiseme "huyu ni wetu". Hata ukipigiwa na sauti inayosema ni mimi babu yako niko taabani, kata, unipigie kwa namba yangu unayoijua. Sitachukia. Nitafurahi hadi nicheze.

Na jambo moja libakize. Sikukatazi kupenda watu wala kuwasimulia kwenu, maana mtu asiye na wa kumsimulia naye ana ugonjwa wake. Lakini kitu kimoja cha wewe na wazazi wako kiache bila kukisema kwa mtu yeyote, hata siku ya homa. Hata mimi usiniambie. Iko siku utasimama uwanjani utakihitaji.

Haya, sogea hapa nikushike kichwa. Mungu akulinde uingiapo na utokapo. Jina lako likutangulie kwa heri, na asilivae mwingine. Na kila utakaporudi nyumbani, mwanangu, ukapiga hodi, wakutambue tangu hodi ya kwanza.